Chombo Kisichopiga Hodi

Usiku kinalala ukumbini, mlangoni pa chumba cha mama,
waya ukutani, kitaa kimoja chekundu,
kinakula umeme wa Tukuza kidogo kidogo
kama mgeni mwenye haya.
"Kidude hichi kimekula shilingi ngapi wiki hii?"
Namwambia haifiki bei ya sambusa tatu.
Haamini. Husimama mbele ya mita
akahesabu namba kwa midomo.

Saa moja u nusu nalikunja baibui,
nalibana pembeni kwa kibanio cha kuanikia nguo,
helmeti juu ya mtandio, mkoba mgongoni,
nasimama wima juu ya ubao mwembamba
kama mtu aliye kwenye foleni ya benki,
ila foleni yenyewe inakwenda.

Jang'ombe mpaka Vuga, dakika kumi na moja:
kumi za njia,
moja ya kumngojea mbuzi wa Mzee Suwedi
asiyejua sheria za barabara, wala hana haja nazo.
Hanisikii nikija. Ananiona niko puani pake,
analia kama aliyedhulumiwa.

Sikujua mtaa una sauti zote hizi.
Cherehani ya Haroub inashona, inasita, inashona.
Redio inasoma tanzia, naipokea nyumba kwa nyumba:
jina la marehemu kwa fundi viatu,
watoto wake kwa muuza mkaa,
na saa ya kuzikwa nikiwa nishafika Kikwajuni.
Mtu anasukutua uani.
Mkate wa kumimina unageuzwa, mafuta yananong'ona.
Yote yalikuwepo.
Sisi tu tulikuwa tukiyapita kwa makelele.

"Dada, umesahau kukaa!"
wananipigia kelele mafundi wa gereji.
Nacheka, sijibu. Mnazi Mmoja upepo unanikamata kifuani
na chombo kinapunguza mwendo, kinafikiri.
Siku za masika, maji yakijaa barabarani,
nakikunja nakibeba begani:
jana wewe, leo mimi.

Mahakamani kinashinda chini ya meza yangu
kati ya mafaili ya mirathi.
Pahala pake khasa.
Maana Vespa ya baba ilipouzwa, baada ya arubaini,
kila mtu alipewa fungu lake,
na mama thumni yake akaitia kwenye kopo la maziwa
asiseme kitu mwaka mzima,
mpaka siku niliyorudi kazini kwa miguu, kiatu kimekatika,
akanimwagia noti juu ya mkeka.
"Tafuta chombo," akasema.
Hakusema chombo gani.

Siku ya kwanza nilimkuta jikoni,
akaruka, mwiko ukamtoka.
"Ndo unaingia kama paka? Hata hodi?"
"Nimepiga hodi, mama."
"Wewe umepiga. Chombo hakijapiga."

Sikumuelewa, kisha nikaelewa.
Ile Vespa ilikuwa ikikohoa toka kona ya Haroub,
mara tatu, na moshi wake,
na mama akisikia kikohozi cha kwanza
hutia birika jikoni.
Baba anavua viatu, chai inamiminwa.
Miaka thelathini na moja
haikupoa, haikuchelewa.
Sasa hajui lini awashe moto.

Nilikwenda Darajani nikanunua kengele ya baiskeli,
nikaifunga kwa skrubu, ikakaa upande.
Kila nikifika kona naipiga tatu.
Wiki nzima nakuta jiko baridi,
na mama mbele ya mita, anahesabu.
Sikumuuliza.

Jana mvua ilinifukuza toka Vuga, nikasahau kengele.
Naingia nimerowa, birika linachemka,
vikombe viwili, iliki imeshapondwa.
"Umejuaje kama nakuja?"
Akafunika birika, akanitupia khanga nijifute.
"Mbuzi wa Suwedi," akasema. "Kalia."