Kofia ya Akiba

Uyole, Julai. Vidole vimekufa ganzi.
Navipasha kwenye kikombe, kisha naurudia ubao-mama
uliotoka ofisi ya pareto, bado na vumbi la miaka thelathini.
Maandishi yamefutika. Kitabu chake nani anacho?
Basi nahesabu mwenyewe, kwa lenzi na kibano:

JP1, moja na mbili, zimefunikwa.
JP2, mbili na tatu. Nikikosea hapa, moshi.
JP5, wazi.

Kitendawili, namwambia Tusajigwe aliyeshika tochi.
Tega.
Kofia moja, vichwa viwili.
Hacheki. Anauliza nani atausoma mchoro huu,
mashine yenyewe haijui hata huu ni mwaka gani.

Sijui. Nachora.

Kwenye JP7 kofia imevalishwa pini moja tu,
ya pili iko kichwa wazi.
Kuna fundi alibaki nayo mkononi,
haikuwa na kazi siku ile, akaona akiitupa
itapotelea kwenye nyufa za sakafu,
akaitundika hapo, kama ufunguo msumarini,
kwa yeyote atakayekuja kuihitaji.

Naandika kwenye kaunta buku, kwa wino:
JP7, pini moja. Haiunganishi kitu.
Isitolewe.