Kaa

Daktari alisema: ukubwa wa parachichi changa.
Tangu Jumanne ile, nyumbani kwetu Umoja,
hakuna anayenunua parachichi.
Mama mboga wa kona anadhani tumemnunia.
Tungemwambia nini?
Kwamba tunda lake limehamia kwa mama,
halina mti, halina msimu?

Baba, mstaafu wa kampuni ya maji,
hakulikubali tunda.
Miaka thelathini na moja alizunguka Eastlands na spana,
akifukua mabomba ya wizi, akiyaziba,
kesho akiyakuta yamefufuka mita mbili mbele.
"Huyu kajiunganishia," alisema, kidole juu ya picha,
akifuata vishipa vyeupe.
"Anakunywa kwa laini yetu, bili tunalipa sisi."
Akataka kujua mita iko wapi.
Daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi,
hakucheka. "Mzee," alisema, "hata sisi tunaitafuta."

Mjomba Mutisya yeye ni vita tu.
Piga! Usimpe nafasi! Dada, wewe ni jeshi!
Mama huilaza simu kifudifudi kitandani
sauti ibaki ikipigana na godoro.
"Vita vikija," aliniambia, "kinachoungua ni kijiji.
Na kijiji ni mimi."

Susu alipofika kutoka Kitui hakuuliza jina.
Majina huitika, alisema.
Akakiita "kile",
kwa sauti ya mtu anayepita karibu na mzinga,
na wiki nzima tukatembea kwa kunyata ndani ya nyumba yetu.

Ndanu, miaka saba, alimuuliza mwalimu.
Mwalimu akamwambia saratani ni kaa,
yule wa angani, wa nyota.
Akamchora kwa krayoni ya zambarau,
kila mguu kauvisha soksi,
"asimkwaruze nyanya."
Picha hiyo mama kaibandika juu ya cherehani.
Ile ya hospitali iko chini ya godoro.

Sote tumechora kitu kilicho mwilini mwake.
Mwenyewe hatukumpa kalamu.

Nilimuuliza Kenyatta, alfajiri, foleni ya mionzi,
kadi yetu namba arobaini na tatu.
Alikaa kimya muda mrefu, akipapasa pindo la leso
kama anayekagua kazi ya fundi mwingine.
"Unajua koti la mtumba," alisema.
"Nimefumua mengi pale Gikomba.
Kuna siku unafungua bitana, unakuta mfuko wa ndani
ambao nje hauonyeshi dalili.
Kashona nani, sijui. Uzi wa rangi ileile, mshono safi.
Safi kuliko wangu, hilo ndilo linaloniudhi.
Huwezi kuuchana kwa hasira, koti lote litafuata.
Unashika wembe, uzi mmoja, uzi mmoja.
Na siku nyingine macho yamechoka,
unalivaa koti na mfuko wake, unakwenda sokoni."

Yangu sikumwambia.
Yangu ni kaa la jikoni, lililolala chini ya jivu.
Naamka saa tisa usiku kulipuliza
nijue kama limezimika,
na pumzi yangu ndiyo inayoliamsha.

Muuguzi akaita arobaini na mbili.
Nikaruka wima, na si zamu yetu.
Mama akanivuta kwa mkono wa sweta.

"Kaa," akasema.

Kwa nukta moja sikujua
anamtaja mdudu wa Ndanu mwenye soksi
au ule moto wangu nisioutaja.

Kisha nikakaa.
Benchi lilikuwa baridi. Tukalipasha.