Boljointi ya Kulia

Imevuka daraja juu ya kirikuu, kutoka Mjimwema mpaka Tandika,
pikipiki ya miguu minne, nyekundu, ya kukodishwa ufukweni,
inayotembea upande kama kaa.
Mwenyewe, Bwana Ngwali, anazungusha funguo kidoleni:
"Ijumaa nina wageni, fundi. Ijumaa."
Leo Jumatano.

Nimeitia jeki, nimeng'oa tairi la kulia, nikaiona:
boljointi imezama tunduni mwake,
imevimba kutu ya rangi ya kahawa,
mpira umechanika, na mahali pa grisi
pana mchanga. Mchanga mweupe wa watu kujianika,
na chumvi iliyotafuna chuma miaka mitatu bila kelele.
Watu huosha bodi, huosha mpaka vioo.
Chini hawainami.

Pini imekatikia ndani. Nati imetoka kwa matusi.
Ringi ya kuzuia nimeipapasa kwa bisibisi
kama anayetoa mwiba kwenye kisigino cha mtoto asiyetulia.
Ikaruka. Mpaka sasa sijui ilikotua.

Kisha nyundo.
Ya kilo moja. Ya kilo mbili.
Nimemwaga dizeli, nimemwaga dawa ya kopo ya elfu nane,
nimemwaga hata soda, maana Chande alisema soda.
Kimya.
Kimya cha mdaiwa
anayekusikia unabisha hodi, na taa kazima.

"Dada Somoe, leta grainda tukate."
Kwa Chande kila swali jibu lake ni grainda.
Tukikata, tutakata na mkono wenyewe,
na mkono wa dude hili Gerezani haupo:
nimeuliza maduka saba, la nane wakanicheka.
Akaniambia, penye nia pana njia.
Nikamwambia, penye nia pana mkono wa laki tatu, utalipa wewe?

Saa kumi jioni nikaacha kuipiga yenyewe.
Nikapiga nyama iliyoizunguka,
nyundo huku, nyundo kule, kwa pigo moja,
ya pili kaishika Mbaruku, ana miaka kumi na saba,
hufumba macho kila anapopiga.
"Fumbua!"
"Nimefumbua, dada."
Kafumba.
Kidole gumba changu kinaweza kutoa ushahidi.

Nikafunga pula. Nikakaza mpaka spana ikalia,
nikaivisha bomba, nikaning'inia,
nikakaza mpaka nikaogopa.
Hapo nikaacha.
Adhana ya magharibi, umeme umekatika,
nikanawa kwa sabuni ya unga na mchanga.
"Umeshindwa?" Chande.
"Nimeiacha ifikiri."

Nalala chumba cha nyuma ya gereji, kati yetu ni bati tu.
Saa tisa usiku, mbwa wamenyamaza,
nikasikia: tak!
Mara moja tu. Kama mtu kavunjia muwa gotini.

Nikatoka na khanga moja na tochi ya simu.
Nikaikuta chini, imejilaza kando ya jeki,
na tundu lipo wazi, duara linalong'aa,
chuma ambacho hakijaonja hewa tangu kiwandani.
Nikatia kidole. Baridi.
Nikakaa juu ya tairi, nikacheka peke yangu
kama mwehu, mkono mdomoni, majirani wasiamke.

Nikaipiga picha, nikamtumia mama, Newala,
mama asiyetaka kusikia habari za grisi,
anayewaambia watu mwanawe yuko Dar, anafanya kazi ofisini.
Akajibu alfajiri:
"Nini hicho? Jino?"
Nikaandika: "Ndiyo, mama. Jino."
"Pole. Sukutua kwa maji ya chumvi."

Asubuhi Chande anawaambia wateja ni ile soda.
Sibishani naye.
Nimeshahamisha jeki,
kuna ya kushoto.