Kitufe Kisicho na Jina

Simu yangu inasema.
Ina sauti ya mwanamke asiyewahi kula mahamri,
anayetamka Muyeye kama mtu anayepiga miayo,
lakini ndiyo macho yangu, sina mengine,
na siku nilipofungua tovuti ya hospitali
akaniambia: kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe.
Kitufe cha nini, bibi?
Kitufe.

Nikabonyeza kama atiaye mkono tunduni
asijue ni yai au ni nyoka.
Nikaulizwa kama mimi ni mtu.
Thibitisha kuwa wewe si roboti:
chagua picha zote zenye tuktuk.
Mie! Nizijuaye tuktuk za Malindi kwa vikohozi vyake,
ile ya Karisa yenye ekzosi iliyotoboka,
ile ya yule wa Barani anayezima injini mteremkoni
apate kuokoa petroli.
Nikashindwa kuthibitisha kuwa ni mtu.

Basi nikamwita Kenga, mwana wa jirani,
miaka kumi na mitatu, macho mazima, moyo mzuri.
Akasoma jina langu, Haluwa Tsuma,
akasoma tarehe, akasoma namba ya faili,
kisha akasita.
Nikamsikia akimeza mate.
"Shangazi, neno hili silijui."

Alilijua.
Tangu siku hiyo hunisalimia taratibu
kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa,
nami simlaumu.
Ila habari ya damu yangu
ilikuwa na haki ya kunifikia mimi kwanza.

Ofisi ya mitambo iko ghorofa ya pili.
Mwanaharusi, ambaye hasikii, alinishika mkono;
naye ana lake: tovuti humwambia,
kwa msaada zaidi, piga simu.
Tukapanda. Kahindi akabaki chini na kiti chake cha magurudumu,
akipaza sauti ngazini: "Mwambieni nami nipo!"

Aliyeitengeneza anaitwa Lali. Sauti changa, adabu nyingi.
Akaanza: bajeti, mama. Awamu ya pili, mama.
Nikavua leso begani, nikamfunga macho,
nikampa simu yangu.
"Haya, nitafutie kliniki ya presha."

Kitufe, ikasema simu. Kitufe. Picha. Kitufe.
Feni ikazunguka. Dakika saba.
Mwishowe simu ikampongeza:
amesajiliwa kliniki ya wajawazito,
Alhamisi, saa mbili asubuhi,
aje na mkojo wa kwanza.

Mwanaharusi, aliyesoma kiooni, ndiye alicheka kwanza,
kicheko chake kile kisicho na breki.
Lali akacheka mwisho, kidogo,
akanyamaza.
Leso hakuifungua.
"Hiki cha juu," akauliza, "ungependa kiitweje?"

Tulikaa hadi adhana ya alasiri
tukivipa vitufe majina
kama watoto wa siku ya saba.
Panga miadi. Soma majibu. Rudi nyuma.
Nilikataa "bonyeza hapa". Hapa ni wapi?
Mwanaharusi akaandika kwenye karatasi, akaipigilia mezani:
MANENO CHINI YA VIDEO. YOTE.
Na kwa kuwa Kahindi hakuchoka kupaza sauti,
Lali aliibeba kompyuta, akashuka,
akaketi kwenye ngazi ya mwisho, magoti kwa magurudumu.

Jana usiku nimesoma majibu yangu mwenyewe,
simu sikioni, shuka kichwani.
Yule mwanamke asiyekula mahamri
aliniambia yote, tangu mwanzo,
wala hakumeza mate.
Nililia kidogo. Nikameza vidonge. Nikalala.

Kimebaki kimoja, chini kabisa ya ukurasa,
bado kinasema kitufe, basi.
Nimempigia Lali.
Amesema Jumatatu.
Nikamuuliza, Jumatatu ya tarehe ngapi?