Gurudumu kwenye Mparachichi

Injini ya dizeli ilikufa Jumatatu, kwetu Tsudunyi.
Haikuharibika. Baba aliizima mwenyewe,
akaweka kiganja juu ya bloku
kama apimaye homa ya mtoto,
akasubiri ipoe.

Miaka thelathini na mmoja ilitusagia,
puku, puku, puku,
bomba likipiga chafya nyeusi juu ya migomba
mpaka ile ya upande wa ukuta ikaota masizi,
mama asikate majani yake kufunikia chungu.
Ikinyamaza, ni adhuhuri, au dizeli imekwisha
na mmoja wetu atashuka Kiborloni na dumu:
mteremko mtupu kwenda,
mlima wote kurudi,
kifuniko kikivuja mgongoni.
Darasani waliniita Sheli.
Nilipofika bweni, Arusha, nikala ugali usionuka,
nikadhani haujaiva.

Kisha nguzo zikapanda,
zimelala juu ya lori kama wagonjwa,
zikasimamishwa moja moja hadi kwa Ndelilio,
aliyetaka miche yake minne ya kahawa
ihesabiwe mbele yake kabla ya panga.
Ikahesabiwa.
Mmoja ulikuwa umeiva. Mafundi wakakaa chini,
wakamsubiri achume.

Eliaichi, kijana wa bisibisi sikioni,
akafunga mota: ya kijani, fezi tatu,
ndogo kama mbuzi aliyelala.
Baba akaizunguka mara mbili
akitafuta pa kuchomeka hendeli.
"Unabonyeza tu, mzee."
Akabonyeza.
Ikavuma kama mzinga wa nyuki wa jirani.
Unga ukatoka. Hakuna aliyekohoa.

Na wateja hawakuja.

Siku tatu mlango wazi, mizani imefutwa vumbi,
mama akishona gunia lisilotoboka.
Kumbe huko juu walishasema:
kwa Aminiel kimya, mashine mbovu.
Mama Ndekusara alipita na debe kichwani,
hakugeuza hata shingo,
akaenda Kidia kwa yule anayenguruma bado.

Ndipo baba akaichomoa injini gurudumu lake,
lile zito, la chuma, lililomvunja kidole mwaka wa njaa,
akalitundika na kaka zangu kwenye tawi la mparachichi.
Saa moja asubuhi akaligonga kwa nondo:
ngee. Ngee.
Watu wakafikiri ni kanisani.
Wawili walifika na vitabu vya nyimbo.
Mmoja akacheka, akarudi kuchukua mahindi.

Siku hizi niko Sakina.
Namnunulia umeme kwa simu, namsomea tarakimu ishirini,
naye hurudia nne nne, kidole kwenye mita:
sita, sifuri, saba, moja.
Tukikosea moja, tunaanza upya,
na hanilaumu, hujilaumu macho.
Zamani alichovya fito ndani ya tangi
akasoma alama ya unyevu, akajua wiki itaishaje.
"Sasa hii," aliniuliza juzi,
"niliyoilipia na sijaitumia,
inakaa wapi?"
Nikawaza, sufuria yangu ya umeme ikipumua maharage.
Nikasema: labda majini, baba. Mtoni inakotoka.
Akanyamaza kidogo.
"Basi mvua inyeshe," akasema,
kwa namna ile ile aliyokuwa akisema
basi bei ishuke.

Jana tena, tarakimu ya ishirini.
Nasikia mita inalia mara moja,
kisha mvumo, mwembamba, mbali na simu,
kisha baba,
ambaye kwa miaka thelathini na mmoja
hajazungumza na mtu ila juu ya injini,
ananipigia kelele kutoka chumba kilichotulia tuli:
"Umeingia! Umeingia!
Unanisikia?"