Robo ya Robo

Jumapili usiku nafuta chaki na nyuzi
juu ya meza ya cherehani,
naweka kisahani cheupe, nawasha taa ya kushonea,
nakata vidonge vya wiki nzima.
Wembe ni ule wa kufumulia pindo.
Mfamasia wa Ngara aliugeuzageuza mkebe wangu,
akasema hiki kinakatika,
ila si kila kidonge hukubali wembe, uulize kwanza.

Mwaka jana niliacha kwa siku moja.
Nilikuwa nacheka tena, nimemaliza sare za darasa zima,
pesa ya dawa nikainunulia kitambaa Gikomba.
Siku ya nne stima ikaniingia kichwani.
Si maumivu. Tss.
Swichi mbovu inayotoa cheche
kila unapogeuza macho kutazama mlango.
Siku ya sita nilimlilia muuza mboga
kwa ajili ya sukuma wiki iliyonyauka.
Siku ya tisa sikujua huzuni iliyobisha hodi
ni ile ya zamani, imerudi na mizigo yake,
au ni mgeni mwingine
aliyeazima nguo zake.

Daktari Nyaboke hakunigombeza.
Alivua miwani, akauliza:
"Fundi, ukifumua koti,
unavuta uzi mmoja kwa nguvu?"
Nikasema kitambaa kitachanika.
"Haya," akasema, akaanza kuandika.

Ndiyo maana sasa napunguza robo, nangoja wiki nne.
Kisha robo ya kilichobaki. Nangoja.
Kadiri kinavyokuwa kidogo
ndivyo ninavyokata kidogo zaidi.
Hilo lilinishangaza. Nilidhani mwisho ni mteremko.

Daftari langu la vipimo limechanganyika:
kiuno thelathini na nne, mkono ishirini na mbili,
usingizi saa tano, cheche mara tatu,
bega kumi na sita,
nimemfokea Kasyoka bure, nimemwomba radhi,
suruali ya Bwana Ochola, Ijumaa, bila kukosa.

Julai ilikuja na baridi yake ya kijivu,
Jericho nzima imejifunga shuka mpaka saa sita mchana.
Ndoto zangu zilikuwa na rangi kuliko vitenge:
marehemu baba anapiga pasi mvua,
anaikunja, ananikabidhi,
ananiambia nisiilowanishe.
Niliamka jasho limenitota, chumba kikiyumba,
nikashika gurudumu la cherehani mpaka sakafu ikatulia.

Mama Aluoch wa namba kumi na saba alisema,
"Hizo ni dawa za wazimu, tupa!"
Nilizitupa mwaka jana, mama.
Unakumbuka ni nani aliyeniletea uji?

Agosti nilishindwa.
Siku tatu sikufungua duka,
mkasi ulinitazama kwa namna nisiyoipenda,
nikampa Kasyoka aulaze kwake,
nikampigia daktari saa hiyo hiyo, kabla ya kuona haya.
Akanirudisha kipimo cha Juni.
Nilijisikia kama fundi aliyeshona
mkono wa kushoto kwenye bega la kulia
na mwenye nguo yuko mlangoni.
"Fumua, ushone tena," alisema simuni.
"Nguo yenyewe haijui."

Sasa ni Oktoba. Mijakaranda imemwaga zambarau
mpaka kwenye mtaro wa maji machafu,
na mimi nimeiona.
Naandika hilo pia, chini ya kiuno cha mtu.
Leo asubuhi nililia kidogo, redio ikisoma matangazo ya vifo,
majina ya watu nisiowajua.
Nikalichunguza chozi kama ninavyochunguza mshono:
hili ni langu, au ni la dawa inayoondoka?
Sikupata jibu. Nikatia uzi kwenye sindano.

Kasyoka, mdogo wangu, anauliza, "Bado ngapi?"
Namwambia sihesabu, japo nahesabu.
Vipande kwenye kisahani
vimekuwa vidogo kama makombo ya chaki,
nashika pumzi nikivikata.
Kesho kuna sare thelathini na mbili.
Nafunika kisahani kwa kikombe
upepo wa dirishani usije ukapunguza
kabla yangu.