Habari za Kurudi

Ndahani alitaka shati jeupe.
Nikamwambia, vaa lile la juzi, lenye doa la mlenda,
leo hatuendi harusini, leo unapimwa ulemavu.
Akaniangalia kama saidia fundi aliyezidisha maji kwenye zege.
Nikalipiga pasi lile jeupe.
Nikamfunga vifungo, saba, kuanzia chini,
maana vidole vyake vimesahau tundu la kifungo lilipo.

Miezi kumi na minne nimekuwa karani wa mwili wake.
Najua mtendaji wa kata huingia ofisini saa nne,
najua muhuri ukikosa wino wanakurudisha,
najua ofisi ipi Nkuhungu hutoa kopi bila kufifisha majina.
Kampuni ilisema haimjui.
Ghorofa ya tatu kule Mtumba inamjua,
ubao uliokatika unamjua,
ila hivyo havina anwani ya posta.
Masinjisa, waliyekuwa wakibeba naye tofali,
akatuletea picha kwenye simu iliyopasuka kioo:
Ndahani juu ya jukwaa, kofia ya njano, anacheka,
tarehe pembeni kwa namba nyekundu.
Picha hiyo ndiyo mkataba wetu.

Usiku wa kuamkia nilimfundisha.
Wakikuuliza unatembea, sema hapana.
"Lakini natembea, dada. Mpaka chooni natembea."
Na kurudi?
Akanyamaza.
Basi wape habari za kurudi.

Bajaji ikatushusha getini.
Upepo wa Agosti, huu wetu usiobisha hodi,
ukammwagia shati vumbi jekundu.
Kimoyomoyo nikaushukuru.

Namba thelathini na moja. Benchi la mbao.
Saa nane ndipo tukaitwa.
Daktari, mtu mzima, mvi hadi kwenye nyusi,
hakuinua uso mpaka alipofika kwenye jina.
Akalisoma mara mbili. Akatabasamu.
"Wa Chilonwa wewe? Mbukwa."

Na Ndahani akasimama.

Alishika ukingo wa meza, akajisukuma,
goti likacheza, akalikemea kwa macho,
akaunyoosha mgongo ule wenye vyuma sita,
kisha akaiachia meza
akaitikia, "Mbukwa, baba."
Hakuna aliyemwomba.
Mama alitulea hivyo: mkubwa hajibiwi umekaa.
Katika yote niliyomfundisha usiku ule
sikukumbuka kumfundisha utovu wa adabu.

Kalamu ikatembea.
Siku hizi nasoma hata maandishi yaliyopinduka:
*Anasimama bila msaada.*
Fomu ina kisanduku cha kusimama.
Haina cha kwa nini.

Barua ikaja baada ya wiki tano. Asilimia ishirini na nane.
Ingefika thelathini, angelipwa kila mwezi.
Chini ya hapo unapewa mkono mara moja, mnaagana.
Mbili tu.
Nikazitafuta mwilini mwake wakati namwogesha,
chini ya kwapa, nyuma ya sikio,
kwenye kidole gumba kisichohisi maji ya moto:
ziko wapi hizi mbili walizoziacha?

"Dada, nilikosea?"
Nikaendelea kumsugua mgongo.
Ningesema ndiyo, ningekuwa namwambia nini?
Ningesema hapana, unga tungeununua kwa nini?
Nikamwambia inua mkono.

Sasa taa imezimika, natumia tochi ya simu.
Fomu ya rufaa, ukurasa wa pili:
*Jina la anayesimamia dai.*
Sechelela, nimeandika. Dada yake.
Nimesimamia, sawa, neno limekaa vizuri,
nyumba hii kila mtu anasimama anavyoweza.
Chini kuna mistari mitatu ya maelezo mengine.
Mwandiko nimeubana kama chumvi ya mwisho wa mwezi:

*Tarehe kumi na tisa alisimama, kwa kuwa alisalimiwa.
Tarehe ishirini hakuweza kugeuka kitandani.
Ishirini na moja pia. Ishirini na mbili*

mstari umeisha.
Nimegeuza karatasi, naendelea nyuma.